Handeni: vuli imekatika, ng'ombe wameingia kwenye mihogo, vijana wanaongea habari za mapanga. Mama anataka kuuza shamba, nimshauri nini?

BintiWaNgamiani ameandika:

Habarini wakuu, wakubwa shikamooni. Naombeni mawazo na naomba hili tusilifanyie utani maana mwenzenu usiku silali.

Naishi Tanga mjini lakini kwetu ni Handeni, ndani ndani huko, kijiji sikitaji maana mambo bado ya moto na sitaki kuchonganisha watu. Mama yuko kule na wajukuu. Vuli hii mvua ilianza vizuri tu watu wakapanda, mahindi yakafika magotini, mvua ikakata moja kwa moja, yakakaukia pale pale hata mabua hayana maana. Zimepona kunde kidogo za bondeni. Tegemeo lilikuwa mihogo, sasa usiku wa kuamkia juzi ng'ombe wameingia, wamekula majani yote upande mmoja na mingine wameikanyaga ikang'oka.

Wenye ng'ombe ni wageni, wametokea upande wa Kiteto ambako nako wanasema hakuna nyasi, wamefuata lambo letu ambalo lenyewe limebaki tope na maji kidogo katikati. Mama alienda kwa mtendaji akaambiwa asubiri. Kijijini watu wanasema kuna mkubwa kapewa chochote ndo maana hao wafugaji waliingia bila mkutano, mimi sina ushahidi nasema nilichosikia.

Sasa kinachonitisha, mdogo wangu wa kiume kanipigia anasema vijana wamekaa kikao chao porini, wengine wanataka wavizie zizi usiku wakate ng'ombe mapanga, na mmoja kasema lambo litiwe sumu. Jamani hilo lambo na sisi tunachota! Mdogo wangu ana hasira na mimi namwelewa, lakini niliposikia sumu miguu iliisha nguvu.

Na juu ya hayo kuna mtu wa mjini kamfuata mama anataka ekari tatu, bei ya kutupa, mama anasema bora auze anunue mahindi wajukuu wale, masika yakija Mungu atajua. Pia anarudia rudia kwamba tunakoelekea ni njaa kama ile ya Somalia tunayoisikiaga redioni.

Naomba kujua, shamba auze? Vijana nawazuiaje mimi nikiwa huku? Na mpaka masika yaive wale nini?

---

BwanaShambaMstaafu:

Marahaba binti, na mama mpe pole sana. Kazi ya ugani nimeifanya Handeni na Korogwe mpaka nikastaafu kwahiyo nakuandikia vitu nilivyoviona.

Shamba asiuze. Hao wanunuzi wanajua kabisa wakati wa kuja, hawaji Julai watu wakiwa na mahindi ndani, wanakuja ghala likiwa tupu, ekari inaondoka kwa magunia machache, magunia yenyewe yanaisha hata kabla masika hayajaiva, mwaka unaofuata yule mama anaenda kulima kibarua kwenye ardhi iliyokuwa yake. Nimeona familia ngapi zimeishia hapo. Na ajue pia ardhi ya kijiji haiuzwi kwa mtu wa nje kienyeji kwa karatasi na mashahidi wawili, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka halmashauri ya kijiji iridhie. Kama hali imebana kabisa akodishe kipande kwa msimu mmoja, kwa maandishi na kijiji kijue. Ardhi iliyokodishwa inarudi.

Kuhusu mihogo, usikate tamaa kabla hujaiona. Muhogo ulioliwa majani haufi, mvua ikigusa unachipua tena. Ile iliyong'oka ndo ya kukimbizana nayo maana ukishatoka ardhini siku mbili tatu umeshaanza kuharibika ndani. LAKINI kabla haijaondolewa mpigie afisa ugani wa kata aje afanye tathmini, mdogo wako apige picha shamba zima, mashimo ya kwato, kila kitu. Bila tathmini ya maandishi huko mbele mtabishana maneno matupu. Tathmini ikiisha siku hiyo hiyo imenywe, ianikwe iwe makopa, yaani vipande vikavu.

Na hapa naomba mama anisikilize kuliko popote. Kama hiyo mihogo ni michungu, ukame unaongeza sumu yake, alafu njaa inawafanya watu wafupishe kuloweka na kuanika ili wapate unga wa leo. Mwaka 1985 kule Tarime ukame ulileta hayo hayo, watu wakala unga wa muhogo usioandaliwa vizuri, wakapooza miguu, wengi watoto na akina mama, ugonjwa unaitwa konzo na ukishashika miguu hairudi kama zamani. Kwahiyo bada (ugali wa muhogo) la haraka haraka HAPANA. Ilowekwe siku zake zote, ikauke mpaka ivunjike kwa mkono, na wale watoto bada lao liende na kunde au dagaa hata kidogo, inasaidia mwili kupambana na ile sumu. Wakubwa huwa wanajinyima mboga wakidhani tumbo likijaa inatosha, sasa kwa muhogo mchungu ni hatari. Vile vile na ndiga, vile viazi vya porini vyenye sumu, najua zinaliwa mwaka wa shida, aziandae mtu anayejua kuziloweka kwenye maji yanayobadilishwa, vijana wasijaribu jaribu.

Mbegu asizile. Masika hii asipande mahindi shamba zima, apande nusu mtama (Macia inawahi na ni mfupi ndege unaweza kuwafukuza), kunde, na kama anataka mahindi lazima basi Situka au TMV-1 ambazo zinakomaa mapema. TMA, wale wa hali ya hewa, huwa wanatoa utabiri wa masika kabla msimu haujafika, ausikilize. Handeni yetu tumeng'ang'ania mahindi marefu kwenye mvua fupi, mababu zetu Uzigua walikuwa na mtama ghalani, na mimi hili nimelisema mikutanoni mpaka sauti ikakauka.

---

Kijana_Kilindi:

Mzee heshima yako lakini mnaongea kistaarabu sana. Tathmini, baraza, maandishi... sisi huku tumeshaandika sana. Ng'ombe wakikamatwa jioni asubuhi wameachiwa, mwenye shamba anaambiwa njoo kesho, kesho njoo kesho kutwa, mpaka nauli ya kufuatilia inazidi hiyo fidia. Mtu kalima kwa jembe la mkono miezi mitatu inaliwa usiku mmoja alafu anaambiwa awe mvumilivu. Hao vijana mimi siwalaumu hata kidogo, sheria imewaacha wao.

---

MparakuyoWami:

Mimi ni mfugaji, nipo upande wa Wami huku Bagamoyo, babu yangu kazikwa hapa. Nimesoma yote na sitatetea mtu aliyeingiza ng'ombe kwenye shamba usiku. Ng'ombe hawatembei usiku bila mtu, yule kijana alijua anafanya nini na anatakiwa alipe, nukta.

Lakini dada na wewe Kijana wa Kilindi naomba mnisikie. Ukame mkulima anaumia mara moja mahindi yakikauka, sisi tunaumia pole pole kila siku. Ng'ombe anakonda, ukimpeleka mnadani wanakuangalia mbavu wanakutajia bei ya mbuzi, na siku hiyo hiyo gunia la mahindi limepanda. Watoto wetu nao wanakula ugali, maziwa yameshakata zamani. Mwaka 2021 kuja 2022 wenzetu wa Simanjiro na Longido mifugo ilikufa kwa maelfu, mtu alikuwa na boma zima akabaki na fimbo. Hao waliokuja kwenu kutoka Kiteto wanakimbia hicho kitu. Wakirudi walikotoka wanaenda kuzika mifugo.

Na njia zimekwisha. Zamani kiangazi kikali tunashuka mpaka pwani tunapanda na mvua. Leo Saadani ni hifadhi ya taifa tangu 2005, hapa ni ranchi, pale mwekezaji, kule mkonge, mbele yake vijiji. Wafugaji waliotolewa bonde la Ihefu kule Mbeya 2006 na 2007 wakaambiwa waende Lindi na Pwani, njiani wakapoteza mifugo na walikofika wakakuta watu wanalima. Kila mtu anasukumwa kwa mwenzake alafu wakulima na wafugaji ndo tunakutana usiku na mapanga.

Ushauri wangu dada, msiongee na yule mchungaji kijana. Ulizeni laigwanani wao, yaani kiongozi wao wa mila, ni nani, lazima yupo hata kama wapo safarini. Mzee wa kwenu amfuate mchana, na mtu mmoja au wawili tu, wasiende kundi. Mwambieni shamba la mama fulani limeliwa, tathmini hii hapa. Mimi nimekaa vikao vya hivi, akiongea laigwanani fidia inalipwa kwa haraka kuliko polisi, hata kwa kutoa ng'ombe. Na hapo hapo mpangiane lambo: watu wachote asubuhi, mifugo ije mchana na wasiingie ndani ya maji, wachote wanyweshe pembeni kwa mabirika. Sisi hapa tumefanya hivyo na kijiji cha jirani, na baada ya mavuno wanatuita tulishe mabua wanabaki na samadi. Ukorofi haujaisha ila panga halijatoka.

---

MzeeWaChanika:

Nimeona neno sumu nikaona nisinyamaze. Waambieni hao vijana: lambo likitiwa sumu wa kwanza kufa ni mtoto wa kwenu aliyetumwa maji na ndoo. Wa pili ni amani ya kijiji, hiyo hamtaiona tena mpaka mnazeeka.

Kijana wa Kilindi nakuelewa hasira yako mwanangu. Desemba mwaka 2000 Rudewa Mbuyuni kule Kilosa ilianza hivi hivi, mkulima kaliwa shamba, mfugaji kakamatiwa ng'ombe, viongozi wamelala au wamekula, wakafa watu 38 na wengi ni wanawake na watoto ambao hawakukata jani wala hawakuchunga ng'ombe. Jirani zetu Kenya, Tana River, mwaka 2012 Wapokomo wakulima na Waorma wafugaji, walikufa zaidi ya watu 100 kwa miezi michache. Baada ya hapo nani aliyelima? Watu waliacha mashamba wakakimbilia kambini, mvua ikaja mashamba hayana mtu. Ukame huwa unaisha, mvua hurudi. Watu wakishauana hiyo mvua inawakuta hawapo shambani.

Sasa kuhusu Somalia anayosema mama yako. Mama hajakosea kuikumbuka ila wengi hawajui kwamba hiyo habari ni ya kwetu. Karne ya 19, miaka ya 1830 na kitu, Uzigua ilikaukiwa vibaya. Watu wetu walishuka pwani na njaa zao, wakaahidiwa kazi na chakula ng'ambo, wakapandishwa majahazi, wakajikuta Barawa na Marka wanauzwa. Waliotoroka walikwenda bonde la mto Juba wakafyeka msitu wakalima, wakaitwa Wagosha, na wengine wakabaki na Kizigua chao kwa vizazi vyote hivyo. Njaa ndiyo iliyowauza.

Halafu vita vya Somalia vya 1991. Lile bonde la Juba ni ardhi ya mto, ina rutuba, wao ndo waliokuwa na chakula kuliko wafugaji wa juu. Na bado wao ndo waliokufa njaa kwa wingi! Kwa sababu walikuwa hawana silaha na hawana ukoo mkubwa wa kuwasemea, makundi yenye bunduki yalikwenda moja kwa moja kwenye yale mashimo wanayofukia nafaka, yakabeba mtama na mahindi yote, mwaka mmoja mara mbili mara tatu. Mkulima akafa njaa pembeni ya mto unaotiririka. Waliosalimika wengine walirudi huku, walipokelewa kambi ya Mkuyu, baadaye wakapelekwa Chogo hapa hapa Handeni, wakapewa mashamba na wengi wakapewa uraia. Wameingia sokoni wakasalimia kwa Kizigua wazee wakalia, mimi nilikuwepo.

Na njaa ya 2011 iliyotangazwa redioni, Julai, Bakool na Shabelle ya Chini. Ukame ule ulifika hata Kenya kaskazini na Ethiopia. Kwanini Somalia ya kusini ndo walikufa karibu watu 260,000, nusu yao watoto chini ya miaka mitano? Kwa sababu kule palikuwa na vita, waliotawala walizuia mashirika ya chakula yasiingie, barabara hazipitiki, watu hawana pa kuuzia wala pa kununulia. Kwahiyo mwambie mama Handeni haijafika huko. Barabara ya Mkata ipo wazi, mahindi ya soko la Kibaigwa kule Dodoma yanafika, mtu anaweza kumfuata mwenzake na kuongea. Hicho ndo cha kulinda sasa hivi kwa nguvu zote. Siku mfanyabiashara akiogopa kuleta lori kwenu kwa sababu kuna mishale njiani, hapo ndo aanze kuogopa.

Na viongozi waliochukua chochote, kama ni kweli, mkutano mkuu wa kijiji ndo mahali pake. Una haki kisheria ya kumwuliza mwenyekiti mbele ya watu hawa wageni waliingia kwa muhtasari upi. Aulize mtu mzima, asiulize kijana mwenye panga kiunoni.

---

Kijana_Kilindi:

Mzee nimekusoma. Hiyo ya Juba sikuwahi kuambiwa na yeyote. Ila bado nasema, kama baraza halitakaa wiki hii basi maneno yote haya hayatawafikia wale vijana, wao wanaangalia shamba tu.

---

MamaNafaka_Mgandini:

Na mimi niongeze la kwenye chakula maana nauza nafaka hapa sokoni Mgandini. Mdogo wangu usimtumie mama hela mkononi, hela kijijini wakati huu inaisha kwa madeni na kwa bei ya debe debe. Anayenunua kwa kisado ndo anayelipa bei kubwa kuliko wote na ndo maskini kuliko wote, hilo naliona kila siku linaniuma. Ongea na wenzako mliopo mjini mnaotoka kijiji hicho, changeni mnunue magunia pamoja, mkodi fuso moja ipeleke. Nunueni kwa kilo, kwa mzani, msikubali lumbesa, yale magunia yaliyojazwa kupita kiasi.

Mnunue mapema pia. Kenya wakikosa mvua malori yanapita mpakani Horohoro kwenda Mombasa na bei huku inapanda wiki hiyo hiyo, na vuli ikikatika kwetu mara nyingi na kwao imekatika. Alafu mwambieni diwani wenu apeleke ombi wilayani, NFRA, wakala wa serikali wa akiba ya chakula, huwa wanatoa mahindi ya akiba yauzwe bei nafuu kwenye maeneo yenye upungufu, ila lazima wilaya iwe imeomba na takwimu za kaya ziwe zimeandikwa. Vijiji vinavyochelewa kuandika majina vinachelewa kupata, ndivyo ilivyo. Hakikisheni wajane na wazee wanaoishi na wajukuu wameandikwa, maana hao hawaendagi mikutanoni.

Mkishapata mahindi yakaguliwe, yasiwe na ukungu wala harufu. Mwaka wa shida watu wananunua mabovu kwa sababu ya bei, sumukuvu hiyo, 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Yakiwa makavu yawekeni kwenye mifuko ya PICS ile yenye plastiki mbili ndani, dumuzi hawaishi humo na huhitaji dawa.

---

BintiWaNgamiani:

Wakuu nimesoma kila neno, nimelia kidogo pale kwa Mzee wa Chanika. Bibi yangu alikuwa anasema kuna ndugu zetu walichukuliwa na bahari, tulikuwa tunadhani ni hadithi za kutulaza.

Nimempigia mama, shamba hauzi, amekubali kukodisha kipande cha juu tu kama itabidi. Mdogo wangu nimemsomea ya MparakuyoWami na ya mzee kwa simu, hakunijibu kwa muda, baadaye akasema yeye atakaa na wenzake usiku huu ila wanataka kuona mtu anakwenda kwa huyo laigwanani kesho, sio keshokutwa. Mjomba amekubali kwenda. Afisa ugani naye kasema kesho asubuhi atapita shambani, nimemtumia nauli ya bodaboda mwenyewe kwa sababu sitaki kisingizio. Wenzangu wa mjini tuko kwenye grupu tunachanga, Mama Nafaka nitakuja dukani kwako Jumamosi.

MparakuyoWami kaka, mjomba anauliza akifika pale aanze vipi, kuna heshima gani ya kufuata? Na bwana shamba, ile mihogo iliyokufa kabisa mama akitaka kupanda upya, pingili nzuri nazipata wapi?

---

MparakuyoWami:

Aende asubuhi kabla hawajatoa mifugo. Asiingie bomani moja kwa moja, asimame nje asubiri aitwe, asalimie wazee kwanza na aulize habari za watoto na ng'ombe kabla ya kusema shida yake. Asiguse habari ya fidia mpaka aulizwe kilichomleta. Akipewa chai anywe. Asiende na panga hata la kufyekea. Na aniandikie huku akipata jina la laigwanani, huenda ni mtu tunayefahamiana.

---

BwanaShambaMstaafu:

Pingili tafuta za mbegu ya Kiroba, ulizia kwa huyo huyo afisa wa kata au kituo cha utafiti Kibaha, wao wameshughulika nayo sana. Ukichukua kwa jirani hakikisha shamba lake halina ugonjwa wa michirizi ya kahawia, pasua kiazi uangalie ndani, kikiwa na madoa ya kahawia yaliyokauka usichukue pingili hapo hata kama majani yanapendeza. Akate za sehemu ya katikati ya shina, aziweke kivulini zikiwa zimesimama, apande mvua ya kwanza ya kueleweka ikishalowesha ardhi, asipande kwa manyunyu.